Ukienda Malindi, Fika na Ngomeni

Ukitaja Malindi, wengi wetu tunawaza ufuo, piza na picha za wawili jua likizama. Hayo yapo, na ni matamu. Lakini mpenzi msomaji, safari ijayo mshike mwenzio mkono mpande matatu hadi Gongoni, kisha bodaboda mpaka Ngomeni, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa mji.

Mimi na mume wangu tulifika huko tumenuniana. Yeye alitaka kubaki hotelini. "Yaani nimelipa pesa yote hii nije kuona vyuma?" Kweli, vyuma ndivyo vilivyokuwepo: majukwaa yaliyosimama baharini kwa miguu yake, mbali na ngalawa. Ukiyatazama hivi hivi, hayana mvuto.

Ila kumbe ndipo Waitaliano walipokuwa wakirushia roketi, kuanzia 1967 hadi 1988. Kwa nini hapa? Kwenye ikweta dunia hujizungusha kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, kwa hiyo roketi inayoelekea mashariki huondoka tayari imepigwa jeki. Tena mbele ni bahari tupu; ikianguka haimwangukii mtu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilipaa kutoka hapo. Marjorie Townsend, mwanamama aliyeusimamia mradi huo NASA, akaipa jina la Uhuru, shukrani kwa ukarimu wa Wakenya.

Kazi yake? Kusaka eksirei zinazotoka kwenye nyota. Hewa ya dunia huzizuia, kwa hiyo hata ukijenga darubini kubwa namna gani juu ya mlima, hutazipata. Lazima kifaa kitoke nje. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengewa kazi hiyo tu. Ikijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ilipekua anga lote na kuacha orodha ya vyanzo 339. Vipimo vyake vya kimojawapo, Cygnus X-1, viliwasaidia wanasayansi kutambua kwamba pale pana shimo jeusi. Riccardo Giacconi, kinara wa utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Nilipomaliza kusimulia, mume wangu alikuwa kimya, macho baharini. Kisha akasema, "Kila Jamhuri Dei nakula nyama choma. Hii hakuna aliyewahi kuniambia." Akanishika mkono. Kununa kukaishia hapo, na ni yeye aliyekataa tuondoke mapema.

Dokezo: bebeni maji na kofia, jua la huko si mchezo. Kituo cha nchi kavu bado kinafuatilia setilaiti, kwa hiyo msiingie bila ruhusa. Na piza? Itawangoja Malindi jioni. Mtakuwa na la kuongea mezani.