Bisibisi Zangu Zinalala Wapi?

Nilipoacha chuo nikaanza kutengeneza simu, nilikuwa na bisibisi mbili tu. Leo bedsita imejaa: vibanio, mita, chuma cha kulehemu, skurubu hadi kitandani. Nilidhani vyombo vingi ndio ufundi. Wapi!

Mwezi jana nilikuwa nafunga iPhone ya mteja, nikaweka skurubu ndefu kwa shimo la fupi. Ikakata njia za umeme ndani ya bodi ya saketi. Simu ikazima, pesa ya nyumba ikaenda kuilipa.

Siku hizi kila simu ina trei yake ya mayai, kila skurubu na kishimo chake, kwa mpangilio niliozifungua. Bisibisi ziko ukutani, kila moja na msumari wake.

Na wewe, kabla uongeze ingine: ulizo nazo zinalala wapi?