Kutoka Jinja Mpaka Mbale kwa Namba Tasa

Tuko Jinja. Jioni sisi wa kujitolea tunafundisha hesabu vijana wakimbizi wenzetu, na Jumamosi tunapanda taksi kwenda Mbale kwa darasa la pili. Juzi kijana mmoja wa Mbale alituuliza: "Ticha, kama kila siku hatua inapungua, si mwisho tutasimama njiani?" Aliuliza juu ya hesabu, lakini darasa zima lilinyamaza.

Tukamjibu kwa barabara hiyo hiyo. Tuseme unatoka Jinja kwa miguu. Leo unatembea nusu ya njia, kesho robo, kesho kutwa sehemu ya nane, kila siku nusu ya jana. Hata ukitembea milele, Mbale hufiki.

Sasa badilisha. Tumia namba tasa peke yake, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Siku ya kwanza nusu ya njia, ya pili theluthi, ya tatu sehemu ya tano. Piga hesabu: 15/30 + 10/30 + 6/30 ni 31/30. Siku ya tatu umeshapita Mbale!

Baada ya hapo ni mwendo wa kinyonga. Kutimiza umbali huo mara mbili ni siku ya 59. Mara tatu inataka siku zaidi ya 361,000. Lakini mwaka 1737 Leonhard Euler alionyesha kwamba jumla hii haina kikomo: taja umbali wowote, siku moja utaupita. Na kama namba tasa zingekuwa na mwisho, hatua zingeisha na jumla ingesimama mahali. Haisimami. Basi namba tasa haziishi. Wagiriki wa kale walishajua hilo, yeye alilifikia kwa kujumlisha.

Sisi tuliotoka Kongo tuliongeza letu. Mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa 1950 karibu na Ziwa Edward, una safu ya mikwaruzo 11, 13, 17 na 19. Zote tasa. Wataalamu bado wanabishana kama ni bahati tu, lakini darasani hakuna aliyesema tena kwamba hesabu ni ya watu wa mbali.

Tunaandika haya kwa sababu ya madaftari. Mwaka wa kwanza tulipewa 40, wa pili 20, mwaka huu 10. Ndugu zetu wa mashirika, mkiendelea hivyo hata milele, jumla haitapita 80. Kidogo tumezoea, hatulalamikii kidogo. Shida ni kukatwa nusu kila mara.

Na yule kijana tulimwambia: inategemea hatua inapunguaje. Alicheka, akaomba kalamu.

Jumamosi tuko Mbale tena. Wewe uliyeacha shule, njoo tu. Tumeishia 31/30, tutaanza na 1/7.