Majeruhi na Shujaa

Watangazaji wetu wa michezo wana neno moja kwa mwanariadha aliyeumia: majeruhi. Shina lake ndilo lililotupa jeraha, na ndilo neno tunalolitumia kwa watu waliopinduka na basi au waliopigwa risasi. Asiye majeruhi husemwa kuwa yuko fiti. Lakini mkimbiaji anayekaribia mashindano makubwa, mara nyingi, hayuko huku wala kule. Kano inamuuma alfajiri na kulegea adhuhuri. Goti linakubali mwendo wa taratibu na kugoma kwenye kona. Hali hiyo ya katikati hatujaipatia jina, na kwa sababu haina jina, mkimbiaji huificha.

Ninaishi Husby, kaskazini mwa Stockholm, mtaa ambao wengi huukumbuka kwa machafuko ya Mei 2013, ingawa sisi wakazi tunaujua zaidi kwa uwanda wa Järvafältet ulio jirani, ambako watu hukimbia hadi usiku mweupe wa Juni. Wakati wa kiangazi, Diamond League inapofika Stadion, uwanja wa matofali uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1912, sisi wa Afrika Mashariki hupanda treni ya chini ya ardhi kwenda kuwatazama wakimbiaji wetu na kuwapima kwa macho: nani ameiva, nani anachechemea.

Miaka michache iliyopita binti wa jirani yangu, mkimbiaji wa mita 800 mwenye umri wa miaka 16, alipata ufa mwembamba katika mfupa wa muundi, ule unaoletwa na mazoezi mengi yasiyo na mapumziko. Yalikuwa yamebaki majuma matano kabla ya mashindano ya vijana. Daktari alimkataza kukimbia. Mzee mmoja wa kwetu, kwa nia njema kabisa, alimsimulia habari za John Stephen Akhwari: jinsi alivyoanguka katika marathoni ya Olimpiki ya Meksiko mwaka 1968, goti likateguka, naye akaingia uwanjani usiku, amefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde kushinda.

Binti akauliza, "Na baadaye, babu? Goti lilipona?"

Mzee hakuwa na jibu, na ukimya wake ulikuwa wetu sote. Tumeikariri bendeji ya Akhwari kwa zaidi ya nusu karne, lakini ni wachache tunaokumbuka kwamba mwaka 1970, huko Edinburgh, alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola akashika nafasi ya tano. Goti lilipona. Mtanzania yule alikuwa mkimbiaji hodari kabla ya kuanguka na baada yake, ila sisi tumemgandisha katika saa ile moja aliyochechemea.

Sidharau ujasiri wa kuvumilia. Katika Meksiko ile ile Kipchoge Keino, akisumbuliwa na maradhi ya nyongo, alishinda mita 1500. Lakini hadithi za namna hii hutufikia zikiwa zimechujwa. Aliyevumilia akashinda husimuliwa. Aliyevumilia akaharibika mguu maisha yake yote hurudi kijijini, na hakuna amuulizaye.

Ndiyo maana nilimtajia binti yule David Rudisha. Agosti 2012, jijini London, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata goti lilimuuma, na mashindano ya dunia ya Moscow yakafanyika bila yeye. Alirudi 2014, akashindwa na Nijel Amos mjini Glasgow; kisha akatwaa dhahabu Beijing 2015, na nyingine Rio 2016. Moscow haina picha yake tunayoweza kuitundika ukutani, kwa kuwa hakuwapo. Hata hivyo, mwaka ule wa kutokuwapo ni sehemu ya dhahabu mbili zilizofuata.

Mama yake binti aliogopa jambo jingine: watu wa nyumbani wangesema nini, maana walikwisha kuambiwa kwamba mtoto atakimbia. Ugenini tumezoea kujibu "sijambo" kwenye simu hata tunapoumwa, na watoto wetu wanatusikia. Safari hii alipiga simu akasema ukweli: mtoto ameumia, anapumzika, hatakimbia mwaka huu. Bibi yake, upande wa pili, aliuliza tu kama anakula vizuri.