Mama Alipolia, Tukamwita Mvivu

Tulikosa. Mama yetu alivunjika nyonga, akapasuliwa. Kidonda kilipopona tulimhimiza atembee. Alipolia kwa maumivu tukamwita mvivu. Na huku uuguzi ndiyo kazi yetu!

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akatushauri tujaribu maji. Baba watoto alijenga tangi la saruji uani, lenye ngazi na bomba la kujishikilia. Tulilijaza maji ya uvuguvugu. Maji yakifika kiunoni hupunguza karibu nusu ya uzito unaolemea miguu. Siku ya kwanza Mama alipiga hatua sita, akacheka.

Mwenye kidonda kibichi asiingie, wala mgonjwa asiachwe peke yake majini.

Maumivu hayajaisha, lakini Mama anakwenda kanisani kwa mkongojo. Tulimwomba msamaha. Dada, anayelia usimkemee, mtafutie njia.