Gumba Lisikike Meza ya Mwisho

Mjomba wangu alivuka ziwa kurudi Kigoma mwaka 1979, nikiwa na miaka tisa, amebeba gitaa kavu lililoviringishwa kwenye shuka. Alikuwa amefanya kazi Katanga kwa miaka mingi, na upigaji wake ulikuwa ule wa kule: vidole viwili tu, gumba na shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene bila kusimama, shahada inachomoa wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Ndivyo alivyopiga Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 pale Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, na wimbo wake Masanga ukavuka mipaka mpaka kwetu. Mjomba akitaka kupandisha sauti alilaza kalamu ya risasi juu ya nyuzi na kuifunga shingoni mwa gitaa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mwezi mzima hakuniruhusu kugusa nyuzi nyembamba. Alitaka kwanza gumba litembee lenyewe.

"Gumba ni baba mwenye nyumba, mjomba," aliniambia. "Huyu wa shahada ni mtoto, anacheza uani. Baba akitoka, mtoto atalia tu."

Kazi yangu ya muziki imepita miaka thelathini sasa, na katika miaka yote hiyo nimehangaikia jambo moja: gitaa ambalo likichomekwa waya, lile gumba alilonifundisha mjomba lisikike.

Nilifika Dar es Salaam mwaka 1992 na nikaanza kama kila kijana wa wakati ule, kwenye bendi, nikipiga rithim kwa gitaa la umeme. Huko gumba halina kazi kubwa. Mpiga besi yupo, na ole wako umwingilie. Lakini kuelekea mwisho wa miaka ya tisini mahoteli yakaanza kutaka vikundi vidogo vya watu watatu au wanne: gitaa kavu, ngoma za mkono, waimbaji wawili, muziki wa kuwasindikiza watu wanaokula. Hapo hakuna mpiga besi. Besi ni mimi. Upigaji wa Kigoma uliokuwa umelala miaka saba ukawa ndio mkate wangu.

Tulianza kwa kusimamisha maiki mbele ya tundu la gitaa. Kwa wimbo mmoja, ukumbi ukiwa kimya, hakuna sauti nzuri kuliko hiyo mpaka leo. Lakini maiki haichagui. Inachukua gitaa, inachukua ngoma ya jirani, inachukua vijiko na sahani. Ukijisogeza kidogo kumtazama mwenzako, gitaa limepotea. Tulipiga hivyo karibu miaka mitatu, na shingo yangu ikawa inauma kwa kukaa mkao mmoja saa nne kila usiku.

Mwaka 2001 nikaenda Kariakoo kununua semi. Ndivyo madukani kwetu wanavyoliita gitaa kavu lenye sehemu ya kuchomeka waya, semi-akustika, na wapigaji tumeshazoea jina hilo. Chini ya ule mfupa mweupe unaobeba nyuzi kwenye daraja hulazwa kipande chembamba cha kristali. Nyuzi zikitikisika zinaukandamiza mfupa, mfupa unaikandamiza kristali, nayo inageuza mkandamizo huo kuwa umeme. Umeme wenyewe ni dhaifu mno, kwa hiyo ubavuni kuna kikuza sauti kidogo chenye betri ya volti 9 na vitufe vya besi, kati na kali. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilikaa kwenye kigoda cha muuzaji nikajaribu magitaa manne, nikachagua lenye tumbo kubwa kuliko yote. Lilipopigwa kavu, gumba lilinguruma mpaka nikalisikia kifuani. Nikalipa laki mbili na nusu, akiba ya miezi mitano, nikatoka nimelikumbatia kama mtoto.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na harusi Kinondoni. Spika zilikuwa kubwa na zimewekwa karibu nasi, kama ilivyo kwenye harusi nyingi. Wimbo wa kwanza haujafika katikati, kila nilipopiga uzi wa tano ukumbi ulijaa mvumo mzito usiokatika. Fundi mitambo akanipungia mkono kutoka nyuma: "Kaka, inavuma hiyo! Nakata besi." Akakata. Mvumo ukaisha, na gumba likaisha nao. Nikabaki na shahada peke yake, sauti nyembamba kama ya mtu anayegonga chupa, na wapiga ngoma wangu wawili wakapoteza njia kwa sababu wao hufuata gumba. Bibi harusi alikuwa anaingia. Nilimaliza shughuli ile huku machozi yananilenga.

Fundi yule hakukosea, na nataka nimtendee haki. Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Tumbo la gitaa limejaa hewa, na hewa ile ina noti yake, kama mtungi unavyokuwa na noti yake ukipuliza mdomoni. Kwenye magitaa yenye tumbo kubwa noti hiyo huwa karibu na hezi 100. Sasa uzi wa tano ukiachwa wazi unalia kwa hezi 110, na uzi wa sita ukibanwa freti ya tatu unalia kwa hezi 98. Humo humo ndimo gumba linamoishi. Spika inatoa sauti ile, tumbo linaitika, kristali inaupeleka mwitiko kwenye spika, spika inautoa tena kwa nguvu zaidi. Ule mngurumo ulionivutia dukani ndio uliomlazimisha fundi anikate ukumbini.

Kuanzia hapo nikaanza kuuliza maswali tofauti. Nilijifunza kuziba tundu kwa kifuniko cha mpira, kitu cha bei ndogo ambacho kimeniokoa zaidi ya vyote. Nilijifunza kukaa nyuma ya mstari wa spika, hata kama mwenye shughuli anataka nisogee mbele kwa ajili ya picha. Nilijifunza kazi ya kile kitufe cha kugeuza fezi: wakati mwingine ukikibonyeza tu mvumo unakufa, kwa sababu spika na uso wa gitaa haviendi tena pamoja. Wapigaji wengi wana kitufe hicho ubavuni mwa gitaa lao na hawajawahi kukigusa.

Kati ya mwaka 2005 na 2009 nilipiga sana Zanzibar, kwenye mahoteli ya Nungwi na Kiwengwa. Ndipo nilipokutana na adui mwingine, hewa yenyewe. Nilikuwa nimeshapata gitaa zuri kweli, uso wake ubao mmoja mzima wa sprusi. Watengenezaji wengi hushauri gitaa la namna hiyo likae kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55 hivi. Pwani yetu wakati wa masika unyevu hupita huko mbali. Mbao zinakunywa, uso unavimba nyuma ya daraja, nyuzi zinapanda mbali na shingo mpaka kidole kinauma. Halafu unavuka kwa boti kurudi Dar, unapiga siku tatu ndani ya ukumbi wa mikutano wenye kiyoyozi kikali, mbao zinakauka, nyuzi zinashuka na kuanza kugongana na freti. Gitaa lile liliharibika mikononi mwangu ndani ya miaka miwili. Sikulionea wivu gitaa la mtu tena kwa sababu ya ubao mzima.

Nasema hivi nikijua wenzangu wengi hawatakubali. Tumelishwa maneno kwamba gitaa la plaiwudi ni la mwanafunzi. Lakini Gibson walipotoa J-160E mwaka 1954, lile ambalo baadaye John Lennon na George Harrison walilipiga, uso wake uliundwa kwa plaiwudi makusudi ili usiitikie spika kupita kiasi. Na Charles Kaman, mtengenezaji wa helikopta wa Marekani aliyeanzisha Ovation katika miaka ya sitini, aliacha kabisa mbao mgongoni, akatengeneza mgongo wa duara kwa nyuzi za kioo na gundi ngumu, kisha kampuni yake ikawa miongoni mwa za kwanza kuweka kristali chini ya mfupa wa daraja. Mwalimu mmoja Mjerumani aliniazima la namna hiyo kwa wiki moja pale Mji Mkongwe. Lilitulia jukwaani kuliko lolote nililowahi kushika. Mgongo ule unataka usimame na ukanda begani, nami upigaji wangu ni wa kukaa, kwa hiyo nikalirudisha. Lakini somo nililipata: watu waliolifikiria jukwaa kwa dhati walikubali kupunguza sauti ya pajani ili wapate sauti ya ukumbini.

Mwaka 2011 nilinunua lingine, jembamba kidogo, plaiwudi pande zote. Halikuvuma. Lakini nyuzi mbili nene zilitoka hafifu kuliko nne nyembamba, hata nikipandisha besi yote. Nilikaribia kuliuza kwa hasara. Kabla ya hapo nikalipeleka kwa fundi Magomeni, mzee anayetengeneza magitaa kwenye kibaraza cha nyumba yake.

"Shikamoo mzee. Gumba halitoki."

"Marahaba, mwanangu. Halitoki likiwa kavu au likiwa na waya?"

"Likiwa na waya tu."

Hakugusa vitufe. Alilegeza nyuzi, akauchomoa ule mfupa mweupe kwa koleo iliyozungushiwa kitambaa, akaulaza juu ya kioo cha dirisha na kuchungulia kwa chini akielekea kwenye jua. Upande wa nyuzi nene mwanga ulipita. Mfupa haukuwa umenyooka. Ulikuwa umeinuka upana wa unywele. Kisha akatia ncha ya sindano ndani ya mfereji wa daraja, akatoa chembe ya unga wa mbao iliyoganda juu ya kristali, akanionyesha kidoleni. Akabandika msasa laini juu ya kioo, akausugua mfupa taratibu, anapima, anasugua, karibu dakika ishirini, bila neno. Aliporudisha nyuzi na kuchomeka waya kwenye redio yake ya zamani, uzi wa sita ulitoka mzima. Nilipiga wimbo wa kwanza wa mjomba, wote, pale kibarazani. Mzee alikuwa akitikisa mguu kwa kufuata gumba.

Kristali haina masikio, husoma mkandamizo. Uzi usiokandamiza hausikiki, hata gitaa liwe la milioni kumi.

Basi mwaka 2014, lile lilipochoka, nilikwenda dukani nikiwa mtu mwingine. Nilikwenda na kijana wetu wa ngoma ambaye anajua kupiga gitaa kidogo. Nikamwambia muuzaji awashe spika, nikampa kijana gitaa lenye waya, mimi nikatoka nje mpaka ukingo wa barabara, mahali ambapo daladala na matoroli vinapita. Kijana akawa anapiga gumba tu, uzi wa sita, wa tano, wa nne, akirudia, gitaa baada ya gitaa. Muuzaji alinifuata.

"Bosi, lile la bei ni hili la kwanza. Mbona umelipita?"

Nikamwambia halifiki hapa nilipo. Nililochukua lilikuwa la saba, tumbo jembamba, uso wa plaiwudi, shingo pana kidogo juu, milimita 44, ili kidole kinachobana uzi kisigongane na uzi wa jirani. Ubavuni lina kitufe cha kutafuta noti moja inayovuma na kuiminya hiyo tu, ili fundi mitambo asiwe na sababu ya kukata besi yote. Likipigwa bila waya sauti yake ni ya kawaida sana. Nyumbani, nikitaka kujifurahisha, nina lingine.

Nina taratibu zangu sasa. Nabadilisha betri kila baada ya shughuli sita, na siachi waya umechomekwa, kwa sababu waya ukiwa ndani kile kikuza sauti kinakula betri hata ukiwa umelala. Betri ikikaribia kufa sauti haikatiki, inakwaruza kama mtu mwenye mafua, na ukishaisikia hivyo katikati ya wimbo huna la kufanya. Nyuzi nazifuta jasho kwa kitambaa kila ninaposhuka jukwaani. Chumvi ya pwani huzila. Nikifika ukumbini, kabla ya kusalimia mtu nauliza nani anakaa kwenye mitambo, namfuata, namwonyesha vidole viwili na kumpigia noti tatu. Vijana wengi wa siku hizi wanaelewa upesi. Wengine wanakuja kuniuliza mtindo huu unatoka wapi, nami nawaambia habari za Likasi na Kigoma mpaka tunaitwa.

Masika yameanza wiki hii. Jana usiku nilipitisha kidole chini ya nyuzi pale freti ya kumi na mbili nikakuta zimepanda. Jumamosi kuna harusi Tabata, watu mia nne, na mwenye shughuli ameshanitumia ujumbe anataka nikae mbele ya spika. Kesho asubuhi nalipeleka gitaa Magomeni, kisha nitampigia simu mwenye shughuli.