Kutoka Ngomeni Hadi Ganjoni: Mambo Matatu Yaipasayo Nyumba

Wasomaji wengi waijuao Mombasa huijua Ganjoni kwa kupita tu, wakielekea kivukoni Likoni. Ni mtaa ulio kusini ya kisiwa, si mbali na bahari, ambao zamani ulikuwa na nyumba za chini zenye baraza pana, mapaa ya vigae na miti uani. Leo nyingi katika hizo zimekwisha kubomolewa, na mahali pake pamesimama maghorofa.

Marehemu baba yetu alituachia nyumba moja ya namna hiyo. Sisi ndugu wanne tuliazimia kuibomoa na kujenga jengo la ghorofa nne la kupangisha, na mchoraji akatuletea ramani. Kabla ya kuitia sahihi nilitaka kujua nyumba njema hupimwa kwa kipimo gani. Basi Jumamosi moja asubuhi niliikunja ramani ile, nikaitia kwapani, nikaenda kwa miguu kutoka Ngomeni, nikapita Mji wa Kale, hata nikarejea Ganjoni.

Yuko Mrumi mmoja wa kale, jina lake Vitruvius, aliyeandika vitabu kumi juu ya sanaa ya ujenzi, katika karne ya mwisho kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Alisema kuwa jengo lapaswa kuwa na mambo matatu: uimara, manufaa na uzuri. Waliokuja baada yake wamebishana naye katika mengi, lakini hayo matatu yangali yakifundishwa kwa wanafunzi wa usanifu wa majengo hata leo. Nikayafanya kuwa mizani yangu.

Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Mtu aitazamapo kutoka angani huona umbo lake lafanana na mwili wa mtu aliyelala, mwenye kichwa, mikono na miguu. Wasanifu wa Ulaya wa zama zile waliamini kwamba vipimo vilivyo kamili hupatikana katika mwili wa binadamu. Jambo hili si la ngome peke yake. Mlango una kimo chake kwa sababu mtu ana kimo chake, na ngazi ina kipandio cha kadiri fulani kwa sababu ndivyo mguu unavyoinuka. Nyumba isiyompima mtu humchosha mwenye kukaa ndani yake, ijapokuwa hajui sababu.

Kuta zile ni nene mno, zimesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na hapana awezaye kushuku uimara wake. Lakini katika mwaka 1696 Waomani waliizingira, na mnamo Desemba 1698, baada ya miezi 33, wakaitwaa. Hawakuitwaa kwa kuzibomoa kuta. Njaa na maradhi vilikuwa vimekwisha kuwamaliza waliokuwamo. Nilipotoka langoni niliwaza kwamba ukuta waweza kubaki, na watu waliojengewa wakaangamia nyuma yake.

Nikaingia Mji wa Kale kwa njia ya Ndia Kuu. Hapo jua lilikuwa limekwisha panda, lakini vichochoro vilikuwa na kivuli, kwa kuwa nyumba husimama karibu karibu na kukingiana jua. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zichelewazo kupata moto. Juu kuna roshani za mbao zenye kimiani. Upepo hupita, na aliye ndani huona njia pasipo kuonwa. Chini, mbele ya mlango wa nakshi, ipo baraza, ambapo mgeni hukaribishwa bila ya watu wa nyumbani kusumbuliwa. Kitu kimoja hufanya kazi mbili au tatu, na uzuri wake haukubandikwa baadaye.

Barazani palikuwa pameketi mzee mmoja, fundi mwashi aliyekwisha acha kazi. Nikamwamkia, akanikaribisha, akataka kuiona karatasi niliyoichukua. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "upepo utaingilia wapi, na utatokea wapi?"

Nikamwonyesha madirisha. Akatikisa kichwa. "Haya yote yako upande mmoja. Upepo usioona mlango wa kutokea hauingii."

Kisha akanieleza habari ya boriti. Zamani dari ilibebwa na boriti za mikoko, nazo zaweza kutegemewa kwa yapata mita 2 na nusu hadi 3 tu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe vilikuwa vyembamba na virefu. Mti ndio uliompa fundi kipimo. Mzee aliisifu sana kazi ile na kuilaumu saruji. Katika hili sikukubaliana naye, ingawa sikumjibu kwa heshima yake. Saruji na nondo zimetupa ruhusa ya kujenga chumba cha upana tuutakao, nayo ni neema. Kosa ni letu, tuliopewa ruhusa hiyo tukaitumia kwa kuhesabu vyumba tu.

Nilirudi kwa njia ya ufukweni, Mama Ngina, penye mibuyu. Kusi ilikuwa ikivuma kutoka baharini hata kofia yangu ikataka kuruka. Lakini nilipoingia Ganjoni, hatua chache katikati ya maghorofa, upepo ule ule ukakatika kabisa.

Nikasimama mbele ya nyumba ya baba, nikaikunjua ramani. Jengo lilijaza kiwanja mpaka mipakani. Majiko yalifungukia ukuta wa jirani, na vyumba vya kulala vilielekea magharibi. Hapa kwetu jua hupita karibu na utosi, na ukuta wa kaskazini au wa kusini waweza kukingwa kwa ukingo mfupi wa paa. Lakini jua la alasiri huja chini chini kutoka magharibi, likaingia dirishani moja kwa moja. Kusi huvuma tangu Aprili hata Oktoba, na kaskazi tangu Desemba hata Machi. Ramani yetu iliupa mgongo upepo na kulipa uso jua.

Niliwaeleza ndugu zangu haya yote. Nikashauri kila ghorofa iwe na nyumba tatu badala ya nne, katikati paachwe uwazi wa hewa, na madirisha yageuzwe. Hasara ya kodi ni kubwa, wala sikuificha. Dada yetu mkubwa amekubali, na mdogo wetu pia. Wa tatu angali akipiga hesabu. Mchoraji amerudishiwa karatasi yake.

Kwa msomaji anayekusudia kujenga, namsihi afanye kitu kimoja kisichogharimu hata senti. Kabla ya kutia sahihi, aichukue ramani mpaka kiwanjani saa kumi alasiri, atazame jua lilipo, ausikilize upepo watoka wapi, kisha ajiulize kama yeye mwenyewe angekubali kulala katika chumba kile.