Kabla Sijahama Ploti Hii

Haya wasomaji, mwisho wa mwezi huu nahama. Notisi nimeshampa mwenye nyumba, gari la kubeba vyombo limepatikana, na sasa nangoja tu kuona kama dipoziti yangu itarudi. Kwa hivyo leo niwieni radhi, hakuna somo la programu. Leo natoa dukuduku. Lakini mfike mwisho, maana moja ya kero hizi inamhusu kila anayeandika programu.

Tuanze na zile ndogo.

Maji. Nakaa Roysambu, ghorofa ya tano. Maji ya mfereji hapa Nairobi huja kwa zamu, na sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, lililojengwa miaka ya 1990 na lenye uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70 hivi. Watu wa jiji wameongezeka, bwawa ni lile lile. Zamu yetu ikifika, maji hujaza tangi la chini. Kuyapandisha hadi kwenye paa kunataka pampu, pampu inataka stima, na stima hiyo inalipwa na mwenye nyumba akipenda. Kitu kimoja kikikwama, sisi wa juu tunabeba mitungi. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na ngazi hazina huruma.

Kelele. Jirani wa juu yangu husogeza viti saa kumi na moja alfajiri, kila siku, Jumapili pia. Sijui viti hivyo huenda wapi. Jirani wa kando ana mtoto anayejifunza kinanda, na mtoto huyo anajua nusu ya wimbo mmoja.

Kamba za nguo. Ukianika juu ya paa, rudi mapema. Soksi zangu zimeoa familia nyingine.

Lango. Linafungwa saa tano usiku. Ukichelewa, kwanza umwamshe askari, halafu umwombe msamaha kwa kumwamsha.

Wi-Fi. Hapa nilipokaa simu yangu inaona mitandao zaidi ya 20. Katika masafa ya 2.4 GHz, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Gawanya ruta 20 kwa chaneli 3, kisha uongeze maikrowevu ya jirani, ambayo hutumia masafa hayo hayo. Ndiyo maana saa mbili usiku kila mtu kwenye ploti analaumu kampuni yake ya intaneti, kumbe tunazibana midomo wenyewe kwa wenyewe. Dawa niliyopata ni kuhamia 5 GHz. Hiyo haipenyi vizuri ukuta wa mawe, na kwenye ploti hilo ni jambo jema: ya jirani inabaki kwake. Kompyuta ya kazi nikaiunganisha kwa waya, nikapumua.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonihamisha ni mita.

Ploti yetu ina mita kubwa moja ya mwenye nyumba. Ndani yake, kila nyumba ina mita yake ndogo ya kulipia kabla, na tokeni zake tunanunua kwa kampuni ya binafsi aliyoichagua yeye, ambayo hukata ada yake kwanza. Tokeni ni ile namba ya tarakimu 20. Ndani ya namba hiyo kumefichwa kiasi cha stima ulichonunua na muda ilipotolewa. Muda huo huhesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na umetengewa biti 24. Biti 24 zinatoa nafasi 16,777,216. Piga hesabu na utaona kwamba dakika hizo zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024.

Sasa, mita hukumbuka tokeni ilizokwisha kupokea ili mtu asitumie moja mara mbili, na tokeni ya muda wa nyuma kuliko hizo huikataa. Hesabu ikianza upya, tokeni uliyonunua leo itaonekana kuwa ya zamani mno. Pesa umelipa, namba umepata, mita inakataa. Tiba ilijulikana mapema: kila mita iingizwe namba mbili maalum, kila moja tarakimu 20, zibadilishe ufunguo wake na kufuta kumbukumbu. Mita za mfumo huu zilihitaji hivyo duniani kote.

Septemba ile nilimwendea mwenye nyumba nikamweleza, karatasi mkononi. Akanisikiliza, akacheka. "Kijana, mita zangu hazina shida. Wewe lipa kodi kwa wakati."

Tarehe 24 ikafika na taa zikawaka. Tulikutana kwenye ngazi akaniuliza giza langu liko wapi.

Lakini yuniti zilizokuwa tayari ndani ya mita hazikuwa na tatizo. Kilichokataliwa ni tokeni mpya. Kwa hivyo ploti haikuzimika siku moja, ilizimika nyumba moja moja. Na mnajua nani alitangulia? Wale wanaonunua stima ya shilingi 50 au 100 kila siku, kadri mkono unavyopata. Mimi nilikuwa na yuniti za wiki mbili. Mwenye nyumba haishi hapa.

Wa kwanza alikuwa mama wa nyumba za chini anayeuza maziwa. Aliingiza tokeni ya shilingi 100 mara tano, akadhani amekosea kusoma. Akanunua nyingine. Tulipogundua, maziwa yake ya siku hiyo yalikuwa yameganda. Ya siku zilizofuata tuliyagawa kwenye friji za waliokuwa bado na stima, yangu ikiwemo, naye akawa anapanda ngazi na kuniambia, "Baba, nifungulie nipunguze lita mbili."

Namba za kurekebisha zilitoka siku ya sita. Nilizunguka na msimamizi wa ploti nyumba hadi nyumba tukibonyeza, tarakimu 40 kwa kila mita, kisha 20 za tokeni. Mama aliomba apunguziwe kodi kwa hasara yake. Akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya kompyuta. Na ile sheria yetu ya kodi za nyumba, Sura ya 296, iliandikiwa nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Chumba cha bei hiyo mtafuteni Roysambu, mkikipata mniite.

Nyumba nyingine imechukua muda kupatikana, lakini wiki ile ndiyo niliyoamua.

Kwenu waandishi wa programu: kila hesabu ina mwisho. Tarehe 19 Januari 2038 zitajaa saa za biti 32 kwenye mifumo ya zamani, na mtu ataambiwa mapema na atacheka. Msiishie kuuliza mfumo utaanguka lini. Ulizeni pia nani ataanguka kwanza. Mara nyingi ni yule mwenye akiba ndogo, na huyo hayumo kwenye mkutano wenu.

Kwenu wapangaji, kabla ya kulipa dipoziti:

1. Uliza mita ni ya nani, na tokeni inauzwa na nani kwa ada gani.
2. Siku za maji muulize mpangaji wa ghorofa ya juu kabisa, si msimamizi.
3. Ingia chumba cha ndani, funga mlango, upige simu.
4. Masharti ya kurudishiwa dipoziti yaandikwe na kutiwa sahihi.

La tano ongezeni wenyewe. Mimi naenda kufunga masanduku.